Wakili wa ajali za malori kwenye barabara zinazojengwa: kazi nyota tano, simu nyota moja

Naandika hii rivyu kesi ikiwa imeshaisha, maana ningeiandika ile wiki niliyopiga simu mara kumi na moja bila kupokelewa ningewapa nyota moja na maneno ya yadi juu yake. Ofisi siitaji jina, wenyewe wakisoma watajijua. Ni ofisi ndogo, mawakili wawili, karani mmoja na dada wa mapokezi, na kazi yao kubwa ni ajali za magari ya mizigo, hasa zile zinazotokea pale barabara inapokua inatengenezwa.

Kwanza mjue nilikua upande gani. Mimi sio niliyegongwa, mimi ndio niliyegonga, tena mimi ni dereva wa kuajiriwa, lori sio langu, mzigo sio wangu, usukani tu ndio ulikua mkononi mwangu. Rivyu nyingi za mawakili wa ajali zimeandikwa na watu waliogongwa, dereva wa lori ukisoma unaona kama hayakuhusu, ndio maana nimesema acha na mimi niandike.

Ilikua usiku, kamvua kembamba kale kanakofanya lami ing'ae kama kioo, tela limejaa. Nimepanda kamlima, nimefika juu, naanza kushuka, ghafla njia mbili zinakua moja, koni zimekatiza mbele yangu na nyuma ya koni foleni imesimama taa nyekundu tupu. Alama ya kupunguza mwendo sikuiona, mshika bendera hayupo, nikakanyaga breki, tela likaanza kujikunja kuja ubavuni, nikalaza kichwa cha lori kwenye vile vizuizi vya plastiki vya maji na bado nikamfikia pikapu wa mwisho. Mwenye pikapu alivunjika mguu, mimi mbavu mbili na kifundo cha mkono. Hakufa mtu, alhamdulillah.

Askari akaandika kwenye ripoti mwendo usiozingatia hali ya barabara, akaondoka. Bosi akaniambia usijali, wakili wa kampuni atakusimamia. Siku ya tatu nikaitwa, bado nina bandeji, nikakuta maelezo yangu yameshachapwa yananisubiri sahihi, eti niliikagua gari nzima asubuhi ikiwa haina tatizo na ajali imetokana na mimi kuchelewa kuona foleni. Mistari sita tu. Nikasema mkono unauma siwezi kushika kalamu, nikatoka zangu. Ukweli ni kwamba breki za ekseli ya nyuma ya tela nilishaziandika mara mbili kwenye kitabu cha kasoro kua hazishiki vizuri, na mara zote mbili niliambiwa malizia safari hii kwanza.

Dereva mwenzangu mmoja wa siku nyingi ndio akanifungua macho, wakili wa kampuni ni wa kampuni na nyuma ya kampuni kuna bima, ukiona wote watatu wanakuchekea tafuta wako. Ndio akanielekeza kwenye hii ofisi.

Sasa kazi yenyewe. Nilijiandaa kusimulia ajali mwanzo mpaka mwisho, nimekaa tu kwenye kiti wakili akaniuliza, "Lori liko wapi sa hizi?" Nikamwambia liko yadi, fundi anaanza kulinyoosha kesho asubuhi. Akaacha kalamu, akamwita karani, hakuniuliza tena kitu kwa kama dakika arobaini. Nilidhani kanidharau. Kumbe anachofanya ni kuandika barua tatu ziondoke siku ile ile, moja kwa bosi wangu, moja kwa mkandarasi wa barabara, moja kwa mamlaka yenye barabara, zote zinasema kitu kimoja, msiguse, msifute, msitupe. Lori lisitengenezwe wala lisiwashwe, data za kompyuta ya injini na takografu (kile kifaa kinachorekodi mwendo na saa za dereva) zihifadhiwe, na kule saiti mchoro wa koni, shajara ya kila siku, orodha ya zamu na picha zote vibaki kama vilivyo.

Alivyonieleza baadaye nikaelewa. Kompyuta ya injini kwenye malori mengi inaweka kumbukumbu ya breki kali ya mwisho, mwendo ulikua ngapi, breki ilikanyagwa lini, ila ukiliwasha ukaenda nalo na ukakanyaga breki kali nyingine, ile ya zamani inaweza kufunikwa isipatikane tena. Kwenye saiti ndio balaa zaidi. Kwenye makutano ya kawaida ukirudi baada ya miezi sita utakuta nguzo ipo, taa ipo, ila barabara inayojengwa kila asubuhi inakua barabara nyingine, koni zimehamishwa, lami mpya imemwagwa juu ya alama za tairi zako, na hiyo hata sio hila, ni kazi tu inaendelea. Akasema, "Kaka, kwenye hizi kesi ushahidi unakanyagwa na greda." Bosi alinuna, lori lilisimama wiki mbili na kila siku nilikua napigiwa simu za lawama, lakini liliguswa na mtaalamu wa kuchora upya ajali peke yake.

Wakili alienda saiti mwenyewe usiku na mimi nikiwemo, nae hakuja na suti, alivaa buti na kizibao cha kuakisi mwanga kama vibarua. Akapiga magoti pale kwenye lami na tochi, akaniita niiname niangalie kwa usawa wa macho ya mwenye gari. Ile mistari ya zamani ya njia mbili walikua hawajaikwangua, wameipaka rangi nyeusi tu. Mchana huioni kabisa. Usiku na unyevu, ukipiga taa, ile rangi nyeusi inang'aa kuliko mistari mipya, inakuvuta uende moja kwa moja kwenye koni. Nikasisimka, maana hicho ndicho nilichokiona usiku ule na nilikua nimeshaanza kujiambia labda nilisinzia.

Alafu akachukua futi ya kamba tukapima zile koni za kubana njia, zile zinazokukata pole pole kutoka njia moja kwenda nyingine. Mkandarasi hakua hata amezihamisha. Mita 35. Akanionyesha kwenye simu mwongozo wa Marekani wa alama za barabarani, MUTCD, ambao haukua sheria inayotubana sisi ila ni kipimo ambacho mainjinia wengi wanakijua, kwamba mwendo ukiwa maili 45 kwa saa kwenda juu unachukua upana wa njia kwa futi unazidisha na mwendo kwa maili, jibu ndio urefu wa koni kwa futi. Njia ya futi 12 kwa maili 50 ambazo ni kama kilomita 80, unapata futi 600, yaani karibu mita 183. Sisi tulipewa 35. Hata gari dogo lingekurupuka.

Ripoti ya mtaalamu ndio nilisoma mara nyingi kuliko kitu chochote maishani mwangu, na nawaeleza kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo lawama iligawanywa. Takografu ilisema nilikua kilomita 74 kwa saa, barabara ni ya 80. Ukienda 74 unakula mita 20 na nusu kila sekunde. Mtu ukishtuka mpaka mguu ufike kwenye breki ni kama sekunde moja na nusu, hapo mita 31 zimeshaondoka hujafanya kitu. Lori langu na zile breki mbovu za tela kwenye unyevu lilihitaji mita kama 53 nyingine, jumla 84, na kutoka juu ya mlima mpaka kwenye pikapu ni 70. Kwa hiyo nilimfikia nikiwa na kama 38. Alafu akapiga hesabu ile ile na breki zikiwa nzima, bado ningegonga ila kwa kama 20, na nguvu ya kugonga haiendi sambamba na mwendo, inaenda kwa mraba, kwa hiyo 38 dhidi ya 20 sio karibu mara mbili, ni mara tatu na nusu na kidogo. Mguu wa yule jamaa uko kwenye hiyo tofauti. Mwisho akaweka mwendo wa 40, ambao ndio ulikua umeandikwa kwenye alama iliyotakiwa kusimama kabla ya mlima, hata na breki zangu mbovu ningesimama ndani ya mita 32 hivi na ningekua na nafasi ya kuwasha hazadi kwa raha zangu.

Alama yenyewe ilikuepo. Ilikua imelala chini, uso kwenye majani, haina hata mfuko mmoja wa mchanga miguuni, upepo wa malori ukaipiga ikalala. Shajara ya saiti inasema ilikaguliwa saa mbili usiku na saa sita usiku, iko wima. Karani wao (huyu kijana mumpe mshahara mzuri, nawaomba) ndiye aliyegundua kwamba sahihi za ukaguzi za siku saba zote zimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko umeegemea upande mmoja, na ile ya siku ya nne doa la wino limegusa ya siku ya tano kabla halijakauka. Yaani mtu alikaa chini akajaza wiki nzima kwa mkupuo.

Baada ya hapo ikawa kutupiana mpira. Mkandarasi mkuu akasema koni sio zangu, kuna mkandarasi mdogo. Mkandarasi mdogo akasema mimi nilikodiwa kuleta vifaa na kuvipanga siku ya kwanza, kuvilinda sio kazi yangu. Mamlaka ya barabara ikasema tumekabidhi eneo kwa mkandarasi, someni mkataba. Bima ya bosi ikasema dereva. Tembo wanne wanapigana, nyasi nilikua mimi.

Hapa wakili alinipa somo ambalo sikulipenda lakini nilimheshimu. Nilianza kujiona msafi kabisa, akanikatisha, "Alama kukosekana hakukuondolei macho. Usiku, mvua, mlima mbele huoni kinachokuja, unaendesha kwa kadiri unavyoona. Una sehemu yako, na usipoikubali humu ndani utaikubali kule mbele ya watu." Akanieleza kwamba sehemu nyingi duniani wanagawa kwa asilimia na fidia yako inakatwa kwa kiasi cha kosa lako, ila kuna majimbo machache ya Marekani kama Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia ambako kwa kawaida ukiwa na kosa lako hata kidogo tu kwenye kesi ya uzembe unatoka mikono mitupu. Uchovu walijaribu kunibandika pia, wakashindwa, takografu ilionyesha saa 3 na dakika 20 tangu nipumzike, na hata kanuni za Ulaya ambazo zinabana kweli zinaruhusu saa 4 na nusu kabla ya mapumziko ya dakika 45.

Kile kitabu cha kasoro ndicho kilimaliza upande wa bosi. Nakala ya juu ilikua inabaki ofisini na ofisini hawakuiona, imepotea, ajabu sana. Ila mimi nina tabia ya kubaki na ile ya kaboni kwenye begi, imekunjwa, ina mafuta ya kuku, na tarehe zote mbili zinasomeka. Wakili aliishika kwa ncha za vidole kama picha ya harusi.

Kuna kitu kimoja sikuwahi kukifikiria na ndicho kilichonifanya niseme pesa yangu haikupotea. Sote tunajua dereva akikosea akiwa kazini tajiri ndiye anayelipa aliyeumia. Nikadhani basi yameisha. Wakili akanisimulia kesi ya Uingereza iliyoamuliwa mwaka 1957, dereva wa lori alirudi nyuma akamgonga utingo wake, na utingo wake ni baba yake mzazi. Tajiri kupitia bima akamlipa baba. Alafu bima ile ile, kwa jina la tajiri, ikamgeukia mtoto, ikamdai arudishe, na mahakama ya juu kabisa ikasema ndiyo, dereva arudishe. Nilipata baridi. Baadaye kampuni za bima za kule zilikubaliana zisiwafanyie hivyo madereva isipokua kama kuna hila au makusudi, lakini mlango nimeshaujua. Kwa hiyo kwenye makubaliano yetu wakili alikomaa na kipengele kimoja cha mistari miwili, kwamba tajiri wala bima hawatanidai chochote kutokana na ajali hii, leo wala kesho. Walikikataa mara tatu. Mara ya tatu akafunga faili akasimama, wakakubali kabla hajafika mlangoni.

Upande wa jinai aliushika vizuri pia. Siku ya kwanza mahakamani nilitaka nikiri yaishe nirudi barabarani, akanizuia, akasema ukikiri huku kwa haraka ile karatasi itakufuata kwenye kesi ya fidia na wenzio wote watajifunika nayo. Ripoti ya mtaalamu ilipotoka shitaka likapunguzwa, nikalipa faini, leseni ikabaki.

Matokeo: hatukufika hukumu, tulimalizana nje baada ya mwaka na nusu. Mkandarasi mkuu na yule mdogo asilimia 50 wagawane wenyewe, kampuni yangu 35 kwa ajili ya breki, mimi 15. Hiyo 15 bima ya tajiri ikailipa kwa mwenye pikapu, na kwenye fidia ya mbavu zangu ikakatwa. Sikulalamika.

Sasa nyota walizopoteza, na wamezipoteza kihalali.

Simu. Jamani simu. Kuna miezi mitatu mizima sikusikia neno. Unapiga, dada wa mapokezi anasema wakili yuko mahakamani, unapiga jioni, yuko kwenye kikao, unaandika meseji, tiki mbili za bluu na kimya. Mtu huna kazi, mbavu zinauma, bosi anakutafuta, alafu wakili wako amekusoma akanyamaza. Nilipomwambia uso kwa uso akajibu kwamba hakukua na jipya. Sasa si uniambie hakuna jipya! Hilo nalo ni jibu, lingenipa usingizi.

Bili. Wanahesabu kwa vipande vya robo saa, kwa hiyo ukipiga kuuliza kesi iko tarehe ngapi, dakika mbili, umeandikiwa robo. Kuna bili moja nilikuta nimetozwa kwa "kupitia mawasiliano ya mteja", nikauliza ni mawasiliano gani, kumbe ni zile meseji zangu za kulalamika hawajibu meseji. Hiyo walifuta, tena karani alicheka, ila nyingine za fotokopi zilipita. Ukienda kwao waambie mapema kabisa wakuandikie nini kinatozwa na nini hakitozwi, na ujue kwamba ule utaratibu wa kulipa ukishinda unawafaa zaidi waliogongwa, na kuna nchi hauruhusiwi kabisa. Dereva unayejitetea utalipa njiani.

Alafu kuna siku wakili hakuja, akamtuma kijana ambae hakulisoma faili, akasimama akaniita mwenye pikapu. Mbele ya mwenye pikapu mwenyewe, na magongo yake.

Na hili ndilo baya kuliko yote, notisi ya kwenda kwa mamlaka ya barabara ilipelekwa zikiwa zimebaki siku mbili. Wao wenyewe ndio walionifundisha kwamba kumdai mtu binafsi unaweza kua na miaka (Uingereza kwa majeraha kwa kawaida ni 3), lakini taasisi ya serikali sehemu nyingi ina muda wake mfupi na lazima uipe notisi kwanza kabla ya kushtaki, ukipitiliza mlango umefungwa hata kama una haki kama mlima. Ile barua ya siku ya kwanza ilikua ya kuzuia ushahidi, haikua notisi ya madai, ni karatasi mbili tofauti. Nilikumbusha mimi. Mimi, dereva, ndiye niliyemkumbusha wakili.

Kwa hiyo ningewarudia? Ningewarudia, kesho asubuhi, kwa sababu ya zile dakika arobaini za barua tatu, na kwa sababu sijaona wakili mwingine anayepiga magoti kwenye lami yenye maji. Ila ningeenda na kalenda yangu mwenyewe, na namba ya karani badala ya ya wakili. Kazi nyota tano, simu nyota moja, bili mbili, nyinyi jumlisheni.

Ile nakala yangu ya kaboni ya kitabu cha kasoro bado iko kwao. Nimeomba mara tatu. Dada wa mapokezi anasema kesho.